Nilivyoisoma Takadini bila kalamu mkononi

Tulimaliza mtihani wa kidato cha nne Novemba, na anayejua maisha yetu anajua kinachofuata: miezi mingi ya kukaa nyumbani kusubiri kupangiwa shule. Wengine wanakwenda kozi ya kompyuta. Mimi nilikaa dukani kwa mama, hapa Majengo, Moshi, nikiuza unga na sabuni, na mteja akiondoka nafungua kitabu. Tuko wasichana wanne tuliosoma darasa moja. Tulikubaliana kila mmoja alete riwaya moja tuizungushe, kisha Jumamosi jioni tukutane uani kwetu kuizungumza. Haya ni maoni yangu, na pale wenzangu walipopinga nitasema, maana kwa kitabu kimoja walinigeuza kabisa.

Kitabu chenyewe ni Takadini ya Ben J. Hanson. Sote tulikuwa nacho shuleni kwenye somo la Kiswahili, kwa hiyo mwenzetu alipokitoa mkobani nilisema, "Si tumeshakimaliza hiki?" Akanijibu, "Wewe kisome tu. Ila usishike kalamu."

Alikuwa ananijua. Ungeniamsha usiku wa manane ningekutajia dhamira za Takadini zote: mila potofu, nafasi ya mwanamke, mapenzi ya kweli, ukombozi. Hoja tatu kutoka kila kitabu, mfano, maelezo, umemaliza. Lakini riwaya yenyewe sikuwa nimeisoma. Darasani nakala zilikuwa chache na mikono mingi. Ilinifikia siku mbili ikachukuliwa. Nilichosoma mimi ni mwongozo, kile kijitabu chembamba cha uhakiki, pamoja na notisi za ubaoni. Kiswahili nimefaulu vizuri tu. Ndiyo maana inaniuma.

Kwenye mwongozo wangu Sekai ni mstari mmoja: mwanamke jasiri. Kwenye riwaya Sekai ni mke aliyesubiri mtoto miaka na miaka huku wake wenzake wakizaa, na siku anapompata, mtoto ni sope, yaani ana ualbino, na desturi ya kijiji chao inasema mtoto wa namna hiyo asiishi. Anamfunga mgongoni anatoroka. Unatembea naye porini, unachoka naye, unaogopa kila kinachochakacha, na unamkasirikia Makwati, mume aliyempenda mkewe lakini akashindwa kusimama mbele ya wazee. Hata jina la mtoto, Takadini, ambalo nililikariri kwamba maana yake ni "sisi tumefanya nini?", sikuwahi kulisikia kama swali la mama mwenye uchungu. Nilililia dukani. Mteja akaniuliza kama nimefiwa.

Sasa kuhusu huyu mwenzetu. Yeye mwenyewe ana ualbino. Miaka miwili darasani, kila mwalimu alipolitamka neno sope, vichwa viligeuka kumtazama, na changu kimo. Alituambia alikichukia kitabu hicho mpaka akatamani kukichoma. Amekisoma kwa mara ya kwanza mwaka huu, peke yake, kwa kukuza maandishi kwa kamera ya simu kwa sababu uoni wake ni hafifu. Asubuhi anapaka Kilisun, mafuta ya kukinga jua yanayotengenezwa hapa hapa Moshi, hospitali ya KCMC, kwa ajili ya watu wenye ualbino, anavaa kofia pana, anakaa kivulini kwa bibi yake anasoma.

Nilidhani atasema kilichomgusa ni Sekai. Akasema ni mbira, ile ala ya muziki. Kijijini wanakokaribishwa yupo mzee Chivero, na huyu mzee anamkalisha kijana na kumfundisha kupiga mbira. "Huruma nimepewa tangu nizaliwe," alisema. "Chivero hakumwonea huruma, alimfundisha kitu. Mimi shuleni nilitaka mtu aniambie, njoo ukae mbele uone ubao." Hakuna aliyejibu. Tulikaa naye darasa moja miaka minne, na kiti chake kilikuwa safu ya tatu.

Kisha akatuonyesha jambo ambalo sijaliona kwenye mwongozo wowote. Mwishoni Takadini na mkewe Shingai wanapata mtoto, na mtoto si sope, na watu wanafurahi. Mimi nilifurahi nao. Yeye akauliza, "Na angezaliwa kama baba yake, wangefurahi?" Tulilibishania hilo mpaka kiza kikaingia. Mmoja alimtetea mwandishi, kwamba alitaka kuwafuta watu hofu ya kuoa na kuolewa na mwenye ualbino. Inawezekana. Lakini tangu siku ile naona furaha ya kurasa zile ina upungufu, na bado nakipenda kitabu kuliko nilivyokipenda nilipokuwa nakitolea hoja tatu.

Riwaya niliyoleta mimi ni Peponi ya Abdulrazak Gurnah, tafsiri ya Ida Hadjivayanis, Mkuki na Nyota. Kaka yangu aliinunua Dar es Salaam akaipakia kwenye basi. Gurnah ni mzaliwa wa Zanzibar, ndiye aliyepata Tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 2021. Kitabu alikitoa kwa Kiingereza mwaka 1994, na Kiswahili chake kikatoka 2022. Hesabu mwenyewe: miaka 28 hadithi inayotokea kwenye ardhi yetu ilisubiri kusomwa kwa lugha yetu.

Yusuf ana miaka 12. Anapandishwa garimoshi kwenda pwani na tajiri Aziz, mtu aliyezoea kumwona akija nyumbani kwao na kumpa sarafu. Anadhani anakwenda kutembea. Huko anawekwa dukani na kijana mwingine, Khalil, na ni Khalil anayemfumbua macho: baba yako ana deni, na wewe ndiye rehani. Niliposoma hapo nilifunga kitabu kwanza. Nimekaa dukani miezi hii yote na nawajua kwa sura watoto waliotolewa kijijini kwa maneno ya "unakwenda kukaa kwa shangazi mjini, utasoma", nao ndio wanaotumwa kwangu saa kumi na mbili asubuhi kununua sabuni, mtoto wa watu mgongoni.

Wenzangu wawili walimkasirikia Yusuf. Kwa nini hasemi? Kwa nini hakimbii? Anasafiri na msafara wa biashara kwenda bara, anaona maradhi na unyang'anyi, na muda mwingi ananyamaza. Mimi ukimya wake niliuamini. Mtoto wa miaka 12 mbele ya wakubwa atasema nini, na kwa nani? Ila nakubaliana nao kwamba mwanzo unakwenda taratibu na majina ni mengi. Nilirudi nyuma mara tatu kukumbuka nani ni nani. Kiswahili chake kina ladha ya pwani, na sisi wa huku juu tulihitaji kamusi pembeni. Hilo kwangu si kasoro, nilifurahia kujua lugha yangu ina vyumba sijaingia.

Kuna sehemu Yusuf anaachwa kwa mfanyabiashara Hamid kwenye mji mdogo chini ya mlima. Hapo tuliacha kila kitu tukabishana kama mlima ule ni huu wetu. Tukaamua ni wetu. Ni huko pia anapojitokeza Kalasinga, fundi Singasinga mwenye ndoto ya kuitafsiri Kurani kwa Kiswahili, na mazungumzo yake na rafiki zake Waislamu ni mazuri sana, wanataniana na kukwaruzana bila kuchukiana. Na Wajerumani wamo. Shuleni Wajerumani nilifundishwa kwa tarehe. Najua kwamba chifu wa Wachaga, Mangi Meli, walimnyonga Old Moshi tarehe 2 Machi 1900. Kwenye Peponi wanaanza kama uvumi, watu wanasimuliana kuhusu wageni wakatili wasioshindika, na kila ukigeuza kurasa chache wamesogea. Nilielewa kwa mara ya kwanza jinsi babu zetu walivyosikia habari zile kabla hawajaziona.

Siku Njema ya Ken Walibora ilitoka kwa shangazi wa mmoja wetu anayefanya biashara mpakani, Holili na Taveta. Niliimaliza kwa usiku mbili. Kongowea Mswahili, kijana wa Tanga, anafunga safari kumtafuta baba yake mpaka Kitale, Kenya. Misamiati imejaa, na kuna mahali bahati zinakutana mno, lakini ni kitabu cha kumpa mtu anayesema hapendi kusoma.

Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ndiyo iliyotugawa vibaya zaidi. Bibi yangu, mwalimu mstaafu, alipoiona juu ya kreti la soda aliichukua akaigeuzageuza. Ilitoka mwaka 1971, ikapigwa marufuku mashuleni. "Tuliisoma tukiificha ndani ya daftari la hesabu," alisema, akaketi nasi jioni nzima. Zakaria, baba yake Rosa, ni mlevi anayempiga binti yake kwa sababu ya barua ya mvulana. Rosa anakua akiwaogopa wanaume, na anapotoka nyumbani hajui kujilinda wala kuchagua. Mmoja wetu alisema mwandishi anamwadhibu Rosa kupita kiasi, kana kwamba yote ni makosa yake. Bibi akasema hapana, anayeadhibiwa ni Zakaria, soma tena. Nimesoma tena na niko katikati. Ninachovutiwa nacho ni kwamba Kezilahabi aliitoa kabla hajafika miaka 30, na anaandika kama mtu anayekumbuka ujana ulivyo. Ina mambo mazito sana, vifo vikiwemo. Kama una umri wa chini ya wetu, au uko kwenye kipindi kigumu, tafuta mtu mzima wa kuisoma naye kama sisi tulivyompata bibi.

Kwa wanaotaka kuvitafuta hapa mjini: Takadini utaipata kwenye stationari nyingi, lakini uwe makini, mara nyingi utakabidhiwa mwongozo wake ukidhani ni riwaya. Shika, fungua, kama unaona vichwa vya "dhamira" na "migogoro", rudisha. Rosa Mistika kaulizie maktaba ya mkoa. Peponi jiandae kuagiza, au mchange kama sisi tunavyopanga kuchangia kitabu kijacho.

Mdogo wangu ameingia kidato cha tatu mwaka huu. Juzi aliniomba mwongozo wangu wa Takadini, wa zamani, uliojaa mistari ya kalamu nyekundu. Nimempa riwaya. Mwongozo nimeupandisha juu ya kabati la mama, na nimemwambia nitaushusha siku atakayonisimulia mwenyewe jinsi Takadini alivyojifunza mbira.