Nyumba ya kupanga au ya kujenga: uzoefu wangu na seva ya Mastodon

Mwishoni mwa 2022, Elon Musk alipoinunua Twitter na watu wakaanza kuhama kwa makundi, nami nilihamia Mastodon, mtandao wa kijamii unaofanana nayo, kwenye seva moja kubwa iliyokuwa imeelemewa na wageni. Ukiandika asubuhi, marafiki wa seva nyingine wanakusoma jioni. Nikajiambia: Linux, mfumo unaoendesha seva nyingi, naijua, ya nini kukaa nyumba ya kupanga? Nikajenga yangu. Nimeiendesha zaidi ya miaka miwili, na haya ndiyo yaliyonikuta.

Kwa ambaye hajafika huko: Mastodon ni programu huria iliyoanzishwa Ujerumani na Eugen Rochko mwaka 2016. Kila seva ina mwenyewe na kanuni zake, ila zote huongea kwa itifaki moja, ActivityPub, iliyopitishwa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, Januari 2018. Ni kama baruapepe tu. Huulizi rafiki yako anatumia kampuni gani, unatuma, inafika.

Kuisimamisha hakukunitoa jasho. Jumamosi moja ilitosha, nikifuata maelekezo rasmi mstari kwa mstari: PostgreSQL ya kutunza data, Redis ya kumbukumbu za haraka, na Sidekiq, karani asiyelala anayepokea na kusambaza machapisho. Mambo mawili tu yanataka utulie. Kwanza jina la kikoa, yaani anwani ya seva mtandaoni: ukishaanza kuwasiliana na seva nyingine, huligusi tena bila kuvuruga kila kitu, kwa hiyo usichague jina la utani lililokuchekesha jana usiku. (Nililichagua. Nalivumilia.) Pili ni baruapepe. Watoa huduma wengi wa seva hufunga poti namba 25, mlango unaopitisha baruapepe, kwa kuogopa barua taka, na bila barua ya uthibitisho mtu hawezi kukamilisha usajili. Nilimaliza siku nzima nikipekua mipangilio yangu, kumbe mlango umefungwa kwa nje.

Kilichonikomesha ni diski. Tulikuwa watu 9 tu kwenye diski ya gigabaiti 80, nikaona nafasi ni ya kumwaga. Sikuwa nimeelewa kwamba seva yangu haitunzi picha zetu peke yetu. Kila mtu wa nje tunayemfuata, picha zake hunakiliwa kwangu, pamoja na picha za wasifu za watu wanaopita njia. Juu ya hapo nilikuwa nimejiunga na rilei mbili, vituo vinavyosambaza machapisho ya seva nyingi, ili ukurasa usiwe mkavu, nazo zikanimwagia machapisho ya watu ambao hakuna hata mmoja wetu aliyewajua. Usiku mmoja diski ikajaa pomoni, PostgreSQL ikagoma kuandika, na asubuhi nikaamkia ujumbe kwenye simu: "Vipi, umefunga duka?"

Dawa ilikuwepo siku zote. Amri ya Mastodon ya kusafisha picha, tootctl media remove, usipoielekeza vingine, hufuta picha za nje zilizokaa zaidi ya siku 7, na zikihitajika tena huvutwa upya zilikotoka. Picha za wasifu haizigusi mpaka uiagize. Uzembe ulikuwa wangu, sikuwa nimeipanga ijiendeshe yenyewe. Rilei nilizitoa siku hiyohiyo.

Kuzitoa kukarudisha ukavu. Seva yangu ndogo iliyajua machapisho ya wale tuliowafuata na yaliyoletwa kwetu, basi. Mara nyingi nilifungua mjadala nikaona majibu 3, nikienda kwenye seva ya mwenye chapisho nakuta 40, na lile swali nililouliza kwa kujiamini lilishajibiwa mara nne. Aibu hiyo iliniuma kuliko diski.

Halafu kuna watu, na hapa hakuna amri ya kukusaidia. Mmoja wetu aligombana na mtu wa seva nyingine, akatukana, na msimamizi wa kule hakuhangaika naye peke yake: aliikata seva yetu nzima. Wanane tusio na kosa tukapoteza wafuasi na marafiki kwa usiku mmoja. Nilimwandikia yule msimamizi kama mzazi anayeitwa shule, nikamwondoa mhusika, na baada ya siku kadhaa akatufungulia. Simlaumu, ningefanya vilevile. Februari 2024 wahuni walipotumia seva ndogo zenye usajili wazi kumwaga taka Fediverse nzima, yaani seva zote zinazoongea ActivityPub, yangu ilikuwa wazi pia. Niliona akaunti za ajabu mapema, nikafunga. Tangu hapo anayetaka kuingia ananiandikia sababu, nami naamua.

Je, nakushauri ujenge? Kama uko peke yako, Mastodon ni basi la abiria 60 la kwendea sokoni. Jaribu GoToSocial, programu nyingine ya seva inayoongea ActivityPub: ni nyepesi, inaridhika na SQLite, hifadhidata ndogo ya faili moja, ingawa haina ukurasa wake wa kuandikia, utatumia programu ya simu. Kama ni kundi la watu mnaoaminiana, Mastodon inafaa, ilimradi mjue kwamba atakayehama ataondoka na wafuasi wake lakini machapisho yatabaki alikotoka.

Mastodon ina ahadi ambazo seva inayotaka kutangazwa kwenye orodha yao rasmi lazima izikubali: nakala rudufu kila siku, mtu wa pili mwenye uwezo wa kuingia kwa dharura, na notisi ya miezi 3 kabla ya kufunga. Siko kwenye orodha hiyo, ila mwezi uliopita niliamua kuzifuata. Nikampa rafiki funguo na nakala, nikamwambia aisimamishe seva kwingine bila kuniuliza kitu. Baada ya saa mbili akapiga simu: "Faili la .env.production liko wapi?" Ndilo lenye funguo za siri, likipotea, waliowasha uthibitisho wa hatua mbili hawaingii tena. Kwa miaka miwili nilikuwa nahifadhi hifadhidata kila usiku, na faili hilo halikuwahi kuwemo hata siku moja.