Maktaba ya vipande vya florini kwa NMR: nzuri, ila ikaguliwe kwanza

Kwa maabara inayotafuta molekuli ndogo zinazoshika protini, hii ndiyo maktaba ya kununua kwanza: mkusanyiko wa vipande, yaani molekuli ndogo sana, vyenye florini, unaopimwa kwa NMR, mbinu ya kusoma ishara za atomi ndani ya sumaku kali. Protini haihitaji kutiwa isotopu (atomi maalumu zinazoonekana kwa NMR), bafa za kawaida (miyeyusho inayotunza pH) hazina florini ya kuchafua spektra (grafu ya vilele), na kipande chenye CF3 (kaboni yenye florini tatu) hutoa kilele kimoja kikali. Ndiyo maana vipande 20 hukaa kichupa kimoja bila vilele kugongana.

Stoku (miyeyusho mikali ya kila kipande) ziwe 100 mM katika kiyeyushi cha DMSO chenye deuteri (hidrojeni nzito). Ukichanganya 20 kwa ujazo sawa, kila kipande kinabaki 5 mM. Mikrolita 6 za mchanganyiko ndani ya 600 za sampuli zinakupa 50 µM kwa DMSO asilimia 1 tu. Tia protini 10 µM na D2O (maji mazito) asilimia 10, kisha pima kwa kichujio cha CPMG (mfuatano wa mipigo unaofifisha ishara zinazokufa haraka), kichupa chenye protini na kisicho nayo. Kipande kilichoshika hufifia au kuzama, kwani kikiwa juu ya protini huzunguka polepole kama yenyewe na ishara yake hufa haraka.

Tatizo kubwa ni vipande vinavyogandamana vyenyewe majini. Navyo hufifia, hivyo hudanganya. Kilele kikiwa kimetanuka hata bila protini, kitupe kipande hicho. DMSO nayo hufyonza unyevu kila sahani inapofunguliwa, vipande vikaanza kutuama. Kwa hiyo maktaba isiyokuja na spektra ya kila kipande ndani ya bafa haistahili bei yake. Spektra ya ndani ya DMSO pekee haithibitishi lolote kuhusu kuyeyuka majini.

Tia kishikaji kikali kinachojulikana: kilele kikirudi, vinagombea mahali pamoja. Kisiporudi, hujui kimeshika wapi, na hapo lazima HSQC (ramani ya vilele vya protini yenyewe) ya protini yenye 15N (isotopu ya naitrojeni). Ni njia hiyo iliyowawezesha Fesik na wenzake wa kampuni ya dawa ya Abbott, mwaka 1996, kuunganisha vipande viwili vinavyoshika kwa udhaifu protini iitwayo FKBP vikawa kishikaji kikali. Angalia pH kabla ya kushangilia: kipande chenye asidi huisogeza, vilele vikahama bila kushikwa chochote.

Upungufu wa kweli ni aina za kemia, kwa kuwa visivyo na florini vimeachwa nje. Kabla ya kulipa, hakikisha probu (kipokea ishara) ya mashine yenu inafika masafa ya florini, 19F. Si zote zinazofika.