Kipima pawa saplai kiliniambia "nzima": uzoefu wangu

Kompyuta yangu ya mezani ilianza visa vya asubuhi. Nabonyeza kitufe, feni zinazunguka sekunde mbili, taa inawaka, halafu kimya. Inajiwasha yenyewe, inazima tena. Kioo muda wote ni cheusi tii, hata nembo haitokei. Mara ya nne au ya tano inakubali, na ikishakubali inapiga kazi mpaka usiku bila kukohoa.

Fundi aliiangalia dakika tano tu akasema madabodi, ule ubao mkuu unaobeba vipande vyote, imekufa, ninunue nyingine. Sikumbishia, lakini halikuniingia akilini: maiti gani hii inayofufuka kila siku? Nikaagiza kile kipima pawa saplai cha mkononi, cha kupimia lile boksi linaloipa kompyuta umeme, chenye kioo kidogo na matundu ya kuchomekea plagi zote, kuanzia ile kubwa ya pini 24 hadi zile za diski.

Kukitumia hakuna ufundi. Unachomoa plagi kwenye madabodi, unaichomeka kwenye kifaa, unawasha swichi ya nyuma. Chenyewe kinaiamsha pawa saplai, kazi ambayo wengine huifanya kwa kuunganisha waya wa kijani na mweusi kwa kipande cha waya. Yangu ilisoma volti 12.1, 5.0 na 3.3. Inaruhusiwa kupanda au kushuka asilimia 5, kwa hiyo ile ya 12 ikiwa kati ya 11.4 na 12.6 hakuna neno. Namba ya PG, yaani muda unaopita kabla pawa saplai haijaiambia madabodi kwamba umeme umetulia, ilikuwa 290, na inatakiwa iwe kati ya milisekunde 100 na 500. Basi fundi kasema kweli, nikajisemea, nikaanza kutafuta madabodi.

Kabla sijatoa hela nikajaribu vya bure. Nilichomoa RAM (kile kibao cha kumbukumbu), nikasugua miguu yake kwa kifutio cha penseli, nikairudisha mpaka ikabana "ta". Nilibadilisha ile betri ndogo ya duara ya madabodi, nikaweka CR2032 iliyokuwa imelala droo. Nilichomoa diski zote nikabakiza prosesa (ubongo wa kompyuta) na feni yake na RAM moja. Wapi!

Kilichonifumbua macho ni mita ya kawaida ya kupimia umeme. Asubuhi, mashine ikiwa baridi na kila plagi mahali pake, niligusisha ncha nyekundu kwenye waya wa njano wa plagi ya diski isiyotumika, ncha nyeusi kwenye waya mweusi, nikabonyeza kitufe. 12.0... 11.2... 10.6, ikazima. Nikarudia, yale yale. Nikamulika tochi kwenye matundu ya pawa saplai: kapasita mbili (vile vikopo vidogo vinavyohifadhi umeme) zimetuna vichwa, moja imetoa ute wa kahawia uliokwisha kauka. (Sikulifungua lile boksi, nawe usilifungue. Kapasita za mle hubaki na umeme wa kuua hata waya wa ukutani ukiwa umechomolewa.) Nikaazima pawa saplai ya rafiki, kompyuta ikawaka mara ya kwanza, na ile madabodi "marehemu" ndiyo ninayoandikia sasa hivi.

Sasa kwa nini kifaa hakikuona? Kwa sababu kinavuta umeme kiduchu mno. Pawa saplai iliyochoka husimama wima vizuri tu mpaka uitwishe gunia, na gunia lenyewe ni prosesa, feni na diski zikitaka umeme kwa mkupuo. Nami nilikosea: niliipima mchana, ikiwa imeshapata joto. Kapasita iliyochoka husumbua zaidi ikiwa baridi, ndiyo maana visa vilikuwa vya asubuhi.

Nakipa nyota tatu. Kikisoma volti 10 au PG ikatoka nje ya mipaka, kiamini, umeokoa siku nzima ya kuhangaika. Kikisema nzima, chukua mita upime tena mashine ikiwa inafanya kazi. Karatasi ya maelekezo haigusii hilo hata kwa mstari mmoja, na hapo ndipo nilipokipunguzia nyota. Nyingine imekwenda na tundu la pini 24, limebana kiasi kwamba nilipochomoa plagi nilikaribia kuvunja kile kikulabu chake. Plagi ichomoe taratibu, ukiiyumbisha pembeni.