Kitambaa cha nta cha kufungia mkate: uzoefu wangu wa miezi minane hapa Tabora

Kwa anayetaka kununua leo, jibu ni hili: kitambaa hiki kinafaa kwa mkate mzima ambao haujakatwa slesi, na kinafaa Agosti kuliko Januari. Kama nyumbani kwako mnakula mkate wa slesi tu, okoa hela yako.

Nilichonunua ni kitambaa cha pamba kilicholowekwa nta ya nyuki, sentimita 45 kwa 45, shilingi 9,000, kwa muuza asali. Mkate wa gramu 500 kinaufunika wote na kubakiza pindo la vidole vinne la kukunjia. Wa kilo moja hakiuenei.

Mfuko wa nailoni hubana unyevu wote ndani. Ganda linalegea, na mkate ukiwa bado na uvuguvugu matone hutanda, ukungu ukapata pa kuanzia. Kanga au kapu tupu ni kinyume chake: kiangazi cha huku hewa ni kavu mno, mkate uliofunikwa kanga leo kesho ni gome. Nta iko katikati ya hayo mawili, inapunguza mvuke unaotoka bila kuuzuia kabisa. Kwangu, mkate mzima uliofungwa ukiwa umepoa ulilika siku 3 hadi 4 wakati wa kiangazi. Mvua zilipokolea, kuanzia Desemba, ni siku 2; ya tatu unakagua kwanza chini ya mkate, maana ukungu hupenda kuanzia pale palipolaliwa.

Wengi wanaolalamika kwamba kitambaa kinaleta ukungu hawakusubiri mkate upoe. Mkate wa gramu 500 uliotoka tanuri unahitaji saa 2 hadi 3, tena juu ya waya au ungo. Ukiuweka juu ya meza, upande wa chini unatoa jasho. Kushika ganda si kipimo, kwani ganda hupoa mapema na katikati bado kuna moto. Wa dukani nao ukiwa na matone ndani ya mfuko, ulifungwa ungali na joto: utoe, uuache wazi nusu saa hadi ganda likauke, ndipo uufunge.

Kufunga kwenyewe ni rahisi. Ulaze mkate katikati, upande uliokatwa ukigusa kitambaa moja kwa moja, kunja pande mbili ndefu, kisha ncha. Shikilia mikunjo kwa viganja sekunde chache. Joto la mikono hulainisha nta nayo inashikana. Asubuhi za Juni na Julai nta inakuwa ngumu, sugua viganja kwanza. Slesi zina nyuso nyingi, hewa inapita kati ya kila kipande, na kitambaa hakiwezi kuzibana zikawa kitu kimoja. Ziache kwenye mfuko wake, uminye hewa itoke, uufunge.

Sasa friji. Mkate haukakamai kwa kukauka tu. Wanga uliolainika wakati wa kuoka hujipanga upya na kuwa mgumu hata kama maji hayajatoka, na mpangilio huo huenda haraka zaidi kwenye ubaridi wa friji, nyuzi chache juu ya sifuri. Ndiyo maana mkate wa friji siku ya pili unachanika chengachenga ingawa hauna ukungu. Kitambaa cha nta hakibadilishi hilo. Nyumba yenye friza, nyuzi 18 chini ya sifuri, hapo wanga unatulia. Gawa slesi kwa mlo mmoja mmoja, mfuko wa nailoni mara mbili (nta kwenye friza hupasuka), na siku ya kula slesi inayeyuka kwa dakika 15 mezani. Umeme ukikatika muda mrefu mkate ukayeyuka wote, ule, usiurudishe.

Uliokakamaa bila ukungu unafufuka, kwa sababu joto la nyuzi 60 na kuendelea huulegeza tena ule wanga. Nyunyiza maji kidogo juu ya ganda, weka kwenye sufuria yenye mfuniko juu ya mkaa uliofifia, dakika 5 hadi 8. Ule saa hiyohiyo. Ukipoa unakuwa mgumu kuliko mwanzo.

Wenye ukungu, hata doa moja la kijani, tupa wote. Mkate ni laini na nyuzi za ukungu hutangulia doa unaloliona. Usiunuse pia. Kuna tatizo jingine ambalo watu hulifikiria ni kuchacha kwa kawaida: katikati panakuwa na utelezi, ukimega unavuta nyuzi kama bamia, na harufu ni ya nanasi lililoiva kupita kiasi. Hao ni bakteria ambao mbegu zao huhimili tanuri, na huzaliana haraka kukiwa na joto. Hakuna kitambaa wala chombo kinachowazuia. Tupa, futa kabati kwa siki, na ukiona tena wiki ile, badili unakonunua.

Kasoro za bidhaa yenyewe. Harufu ya nta haifukuzi sisimizi hata kidogo. Wanapita kwenye mikunjo. Nauweka mkate uliofungwa ndani ya sufuria, mfuniko ukiegemezwa, na miguu ya meza iko kwenye makopo ya maji. Pili, hakioshwi kwa maji ya moto, kwa hiyo kikigusana na ukungu ukaacha madoa, kazi yake kwenye chakula imekwisha. Siku za kawaida ni maji baridi, sabuni kidogo na kitambaa laini, kisha kianikwe kivulini. Jua la Oktoba kwenye kamba ya nguo litakuachia mabaka, hapa nta imejaa, pale hamna.

Mwezi wa nne wa kukitumia kilianza kupasuka kwenye mikunjo. Kukwaruza gramu 10 hadi 15 za nta, kuzinyunyiza palipopasuka na kupiga pasi ya moto mdogo katikati ya karatasi mbili za kuokea kulitosha. Ukitaka kuyeyusha nta, sufuria ndogo ndani ya sufuria ya maji. Inayeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 65 na ikiwekwa moja kwa moja motoni inawaka. Na unuse kabla ya kununua: nta halisi ina harufu ya asali, iliyochanganywa inanukia mshumaa.

Nyota 3 kwa mvua, 4 na nusu kwa kiangazi. Kikichakaa, kikate vipande vyembamba. Sijapata kiwashia mkaa kizuri zaidi.