Bekoni ya bata mzinga kwa sie wa Moshi na Arusha: ipi ubebe, ipi uiache kwenye friza la dukani

Bi mkubwa wangu ana presha, daktari kamwambia apunguze chumvi na mafuta, basi mi nikajifanya mtoto mwema nikapanda kosta hadi Arusha nikamchukulia pakiti mbili za bekoni ya bata mzinga, maana si ndo wanasema ya wanaojali afya. Akala karibu wiki nzima, asubuhi slesi nne na mkate na chai ya rangi, anafurahi kweli. Siku moja nimekaa sina la kufanya nikaigeuza pakiti nikasoma nyuma. Duh. Slesi moja sodiamu miligramu 180. Mara nne ni 720, ukitaka kujua chumvi kamili unazidisha kwa mbili na nusu, inakuja kama gramu 1.8. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asifike gramu 5 kwa siku, yani kijiko kimoja cha chai. Kwahiyo mama alikua anamaliza zaidi ya theluthi ya siku nzima kabla hata mboga ya mchana haijabandikwa.

Ndo maana hapa napanga kwa chumvi kwanza, mafuta baadae, bei mwisho. Kama wewe huna presha na unatafuta tu kupungua kiuno unaweza ukapanga kivyako.

Kwanza tuelewane bekoni ya bata mzinga ni nini, maana wengi wanadhani ni kidari kimekatwa slesi. Zile nyingi ni nyama ya paja na sehemu nyingine, mara nyingine na ngozi, inasagwa au kukatwakatwa, inatiwa chumvi na dawa na ladha ya moshi, inakandamizwa iwe kama tofali alafu ndo inakatwa. Ule mstari mweupe unaofanana na mafuta ya nguruwe umetengenezwa tu kwa nyama nyeupe na nyekundu kupangwa pamoja. Sio mbaya, ila jua unachonunua.

Kwa namba sasa. Slesi moja iliyoiva ya bata mzinga inakupa kama kalori 30, mafuta gramu 2 hivi, protini gramu 2 na nusu mpaka 3. Ya nguruwe slesi ya ukubwa huohuo ni kalori kama 43, mafuta gramu 3 na kitu, protini gramu 3. Tofauti ipo, lakini ukila slesi nne umeokoa kalori kama 50 tu, nusu ya ndizi mbivu! Kwenye mafuta yanayoganda, yale ya kuogopa kwa moyo, bata mzinga anashinda vizuri zaidi. Kwenye chumvi hashindi, wakati mwingine anapitwa na nguruwe kabisa, kwasababu nyama yenyewe imepooza ikabidi waizidishie chumvi ipate ladha. Na protini msidanganyike, yai moja la kawaida lina gramu 6, yani slesi mbili za bekoni hazilipiti yai, na pakiti moja niliyonunua ilinitoka hela kuliko trei nzima ya mayai.

Haya tupange.

Namba moja naiweka ya bata mzinga iliyopunguzwa chumvi na ambayo kwenye orodha ya viungo kitu cha kwanza kabisa ni paja au kidari, sio nyama iliyokwanguliwa na mashine kwenye mifupa. Orodha ya viungo inaandikwa kuanzia kilicho kingi, kwahiyo ukiona maji yako namba mbili na sukari namba tatu we rudisha tu. Lakini hapa pia akili mkichwani. Kwa taratibu za Marekani neno la kupunguzwa sodiamu maana yake imepungua angalau asilimia 25 ukilinganisha na ya kawaida, sio kwamba imeisha. Ile ya 180 ikipunguzwa robo inabaki 135, kula nne ni 540, bado ni mzigo kwa mwenye presha. Na hizi hazipatikani kila siku, ukiikuta Njiro pale Arusha wiki hii usishangae wiki ijayo haipo, na Moshi ndo bahati nasibu kabisa.

Hapohapo niseme kuhusu lebo maana ndo penye mtego. Pakiti za Marekani zinaandika kwa slesi moja au mbili, ndo unaona namba ndogo nzuuri, kumbe nani anakula slesi moja? Za Afrika Kusini utakuta pia safu ya gramu 100, hiyo ndo ya kulinganishia. Za Ulaya hawaandiki sodiamu wanaandika chumvi kwa gramu, kwahiyo ukiona moja imeandika chumvi gramu 2.5 na nyingine sodiamu miligramu 1000 usidhani moja ni nafuu, hizo ni sawasawa kabisa. Dada mmoja nilimkuta amesimama mbele ya friza anazilinganisha hivohivo ameshachukua, nikamwambia dada samahani, akaniangalia kama mwizi mwanzoni.

Namba mbili bekoni ya kuku. Kilishe haipishani sana na bata mzinga, lebo ndo inaamua, lakini kwetu huku kuku inapatikana kirahisi zaidi na bei haikukati pumzi. Kama unanunua kwaajili ya watoto wa shule na sandwichi mi naona hii inatosha, hakuna haja ya kuhangaika na neno bata mzinga.

Namba tatu ndo ile bata mzinga ya kawaida, niliyomlisha mama. Inamfaa asiye na presha, slesi mbili, jumapili. Sio kila siku.

Namba nne ya ng'ombe. Shemeji yangu ni Muislamu, wakija na dada hatugusi nguruwe, na hata kikaango kilichokaangiwa kitimoto nakiweka pembeni, so hii imeniokoa mara nyingi, ila cheki alama ya halali, hiyo hata kwenye kuku na bata mzinga usiache kuicheki. Shida ya ng'ombe inategemea imekatwa wapi, ikiwa ya kidari chenye mafuta ni nzito kama nguruwe tu. Angalia rangi kwa jicho, nyeupe ikizidi nyekundu jibu unalo.

Tano ya nguruwe. Ina mafuta zaidi, ladha inazishinda zote, watu wa Moshi mnajua wenyewe. Sina la kuongeza, ila kama ni nguruwe mi ningekula kitimoto fresh na ndizi za kuchoma kuliko ya pakiti.

Kitu kinachonikera ni zile pakiti zinazojitapa hazina nitriti, ile dawa ya kuhifadhia nyama, ukisoma unakuta wameweka unga wa selari, ambao nao una nitriti yake, ya mmea, inafanya kazi ileile. E250 ukiiona ndo nitriti ya sodiamu. Mwaka 2015 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliziweka nyama za kusindikwa kwenye kundi la vitu vyenye ushahidi wa kuleta saratani, wakasema gramu 50 kila siku zinaongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa kama asilimia 18, na tafsiri yao ya nyama ya kusindikwa haijamuacha ndege nje. Kwahiyo jina la bata mzinga sio kinga.

Nyumbani mama sasa simnunulii hata hiyo namba moja. Nachukua kidari cha kuku nusu kilo, nakiweka friza kidogo kikaze, nakata slesi nyembamba, robo kijiko cha chai cha chumvi kwa yote, pilipili manga, kitunguu saumu, paprika, inalala usiku mmoja. Chumvi yake haifiki robo ya ile ya pakiti. Ladha ya moshi haina, na haikai, siku mbili iwe imeliwa, lakini mama anaikubali. Ukikaanga, hii na ile ya bata mzinga zote mafuta yake ni machache zinashika kikaango, weka tone la mafuta na moto mdogo, wengine wanamwaga mafuta kijiko kizima alafu wanajisifu wanakula bekoni ya diet.

La mwisho kwa mnaonunua Arusha mkashukia Moshi. Ni kilomita 80 tu lakini kosta inasimama Usa River, inasimama Boma Ng'ombe, jua linapiga, pakiti yangu ya pili ilifika imelegea na maji ndani nikaitupa. Beba kulubox na barafu, nunua bekoni mwisho kabisa ukiwa unaelekea stendi. Na dukani kwenyewe ukikuta pakiti ina barafu imeganda vipandevipande kwa ndani, hiyo huenda umeme ulikatika ikayeyuka ikagandishwa tena, hata kama tarehe bado iache hapohapo. Ukishafungua ni wiki moja kwenye friji.