Pacha wa kidijitali kwenye laini ya mabomba: maoni ya mtumiaji

Niko kitengo cha uhandisi katika kiwanda cha mabomba ya plastiki Dar es Salaam. Uongozi ulilipia huduma ya pacha wa kidijitali kwa laini yetu ya HDPE (aina ya plastiki ngumu ya mabomba), nami nikakabidhiwa kuisimamia. Kampuni sitaitaja, mkataba bado unaendelea.

Kwa ambaye hajakutana naye, pacha huyu ni mfano wa mashine ndani ya kompyuta, unaolishwa vipimo vya mashine yenyewe ikiwa kazini: joto la hita, mzunguko wa skrubu inayosukuma plastiki, presha kabla ya dai (tundu linaloipa plastiki umbo la bomba), kasi ya kuvuta bomba. Wauzaji humleta kama kitu kilichobuniwa jana, ingawa Michael Grieves alilieleza wazo hilo Marekani tangu 2002.

Faida niliyoiona kwa macho ni ya unene. Bomba la kipenyo cha milimita 63 la SDR 11 (yaani kipenyo ni kama mara 11 ya unene) halitakiwi kupungua unene wa milimita 5.8. Opereta akihofia kukataliwa mzigo, anauacha ufike 6.2. Bomba linauzwa kwa mita, kwa hiyo hiyo 0.4 ni karibu asilimia 6 ya malighafi tunayomgawia mteja bure. Zamani kujaribu kasi mpya kulimaanisha kutoa vipande, kuvipima, kisha kuvisaga upya. Sasa nabadilisha skrubu na kasi ya kuvuta kwenye skrini kwanza, naona unene utakaotoka, ndipo nakwenda kwenye mashine. Laini ikiwa imetulia, jibu lake na la vernia, kifaa chetu cha kupimia unene, hayapishani sana.

Shida ni pale isipotulia. Umeme ukikatika, plastiki inabaki ndani ya bareli (silinda ya moto yenye skrubu), nyingine inaanza kuungua. Tukiwasha tena, pacha anahesabu kana kwamba hakuna kilichotokea, kwa sababu mfano wake ulitengenezwa kwa data za laini inayokwenda vizuri. Mpaka joto likae sawa, mimi namfuata opereta wetu mkongwe, anayesoma sauti ya mota na mng'ao wa bomba. Malighafi ya shehena mpya nayo ikiwa nzito au nyepesi kuyeyuka, lazima mtu amwambie pacha. Hajui mwenyewe.

Halafu kuna jina lenyewe. Wataalamu hutofautisha: ukiingiza data kwa mkono huo ni mfano tu, data zikitoka kwenye mashine zenyewe hicho ni kivuli, pacha ni pale mabadiliko ya kompyuta yanaporudi kwenye mashine yenyewe. Yetu ni ya upande mmoja, mipangilio naibonyeza kwa mkono kwenye paneli. Tumeuziwa kivuli kwa bei ya pacha. Binafsi sitaki intaneti iyumbe halafu skrubu ibadili kasi, kivuli kinanitosha. Bei ndiyo hainiridhishi.

Ukitaka kusaini, uliza mapema nani atarekebisha mfano skrubu ikilika au ikibadilishwa, na kwa gharama ya nani. Uliza pia kama data zako utaondoka nazo mkataba ukiisha. Sisi tumeongeza muda kwa laini ya HDPE peke yake. Ile ya PVC haina hata sensa ya presha, na kufunga sensa hakumo kwenye bei waliyotupa.