Nyumba ya Likizo Yenye Jiko Linalotosha Familia Nzima

Tuliipanga nyumba hii kwa siku 7 tukiwa watu 9 wa vizazi vitatu, kuanzia mama yangu mwenye miaka 73 hadi mpwa wangu wa miaka 4, na tulikuwa tumekubaliana kwamba hatutakimbilia vivutio wala kuandika ratiba, bali tutapika, tutakula na kulala tukishiba. Kwa hiyo naipima kwa jiko na meza yake. Bwawa la kuogelea lipo na ni safi.

Kaunta imewekwa katikati ya jiko na inafikiwa kutoka pande zote nne, hivyo watu watano waliweza kukata, kukanda na kuosha bila kupigana vikumbo, na aliyekuwa akimenya vitunguu hakuwapa wengine mgongo. Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu nimeshuhudia likizo nyingi ambazo mama alibaki jikoni peke yake huku sisi tukicheka sebuleni, kisha tukamshukuru kwa chakula kana kwamba shukrani inarudisha saa alizozikosa. Safari hii alikuwa kati yetu, akikoroga na kusimulia. Sufuria zina vitako vizito visivyounguza upesi, iliyo kubwa zaidi ni ya lita 10, na visu vilikuwa vimenolewa, jambo ambalo sijalikuta katika nyumba nyingine yoyote ya kupanga.

Usiku wa pili mama alikanda unga wa mikate pamoja na mpwa wangu, aliyesimama juu ya kigoda na kubonyeza donge kwa vidole viwili ili aone kama shimo litajifuta. Waliufunika wakauweka kwenye friji, kwa kuwa baridi haiui hamira bali huipunguzia kasi, na unga huumuka taratibu mpaka asubuhi ukiwa na ladha nzuri zaidi. Alfajiri tulikuta umefurika, umeinua mfuniko na kuteremka hadi rafu ya chini. Mama alitazama mara moja akasema, "Friji hili halina baridi." Kipimajoto tulichokikuta kwenye droo kilisoma nyuzi 9 za Selsiasi, ilhali Shirika la Afya Duniani linashauri vyakula vinavyoharibika vihifadhiwe chini ya nyuzi 5. Mpira wa mlango ulikuwa umechanika. Tulilazimika kutupa nyama na maziwa ya siku mbili, na ingawa tulipiga simu saa ile ile, fundi alifika kesho yake mchana. Kwa nyumba inayojitangaza kwa jiko lake, kasoro hii ni kubwa, na mwenyeji alipaswa kuigundua kabla yetu. Mikate, hata hivyo, ilioka vizuri, kwani oveni inatoa moto sawasawa mbele na nyuma.

Kuna jambo jingine ambalo mwenyeji anapaswa kulirekebisha leo hii. Karatasi ya maelekezo iliyobandikwa ukutani inamshauri mgeni atie maharage mekundu makavu moja kwa moja kwenye chungu cha umeme kinachopika polepole. Maharage hayo yana sumu ya asili ambayo moto mdogo hauiharibu. Hulowekwa angalau saa 5, maji yakamwagwa, kisha yakachemshwa kwa nguvu kwa nusu saa ndipo yahamishiwe kwenye chungu hicho. Familia isiyojua ingetapika usiku kucha.

Meza ndiyo iliyonivutia kuliko vyote. Inakaliwa na watu 12 kwenye mabenchi, nje, chini ya paa, na taa yake ni hafifu kiasi cha kumfanya mtu asione haraka ya kuondoka. Kila mtu alikunywa chai asubuhi kwa wakati wake, mchana tulikula matunda na mabaki, lakini jioni tulikaa pamoja, na kwa kawaida tulinyanyuka tu pale dada yangu alipokumbusha kwamba chakula kilichopikwa kisizidi saa 2 bila kuwekwa kwenye baridi. Siku ya tano mtoto wangu wa miaka 15, ambaye kwa kawaida hula na kutoweka, alibaki akimuuliza bibi yake alijifunza kwa nani kupika.

Tumeomba kuipanga tena, na kabla ya kulipa tumemtaka mwenyeji atutumie picha ya kipimajoto kikiwa ndani ya friji.